Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 20: Ufunguo wa Nyumba ya Marehemu



Ndugu zangu katika imani, Alhamdulillah, leo tunafunga siku ya 20. Adhana ya Magharibi ikishapigwa tutakuwa tumeingia usiku wa 21, mlango wa kumi la mwisho. Najua kila mtu ameshajipanga. Kuna aliyeomba ruhusa kazini ili akae itikafu, kuna aliyebakiza juzuu kumi akhitimishe, kuna mama aliyewaambia watoto kabisa kwamba kuanzia leo tamthilia basi mpaka Idi. Allah atukubalie sote.

Kabla hatujaingia, tuangalie jambo moja linaloweza kumkosesha mtu kheri ya masiku haya hali yuko msikitini, tena safu ya mbele. Jambo lenyewe ni ugomvi.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Ubada bin Samit (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka siku moja ili awaeleze Maswahaba Lailatul Qadri ni usiku upi. Akakuta Waislamu wawili wanazozana. Akawaambia kuwa alitoka kuwapa habari ya usiku ule, lakini kwa sababu fulani na fulani wamegombana, ujuzi wake umeondolewa, na huenda ikawa ni kheri kwao. Basi wautafute katika kumi la mwisho. Hebu lifikirie hilo. Mpaka leo umma mzima unakesha usiku baada ya usiku kuutafuta, na kilichotajwa kuwa sababu ni watu wawili kuzozana. Hawakupigana wala hawakuuana. Walizozana tu.

Sasa jiulize: kama mzozo wa watu wawili tu ulikuwa na uzito huo, itakuwaje kwa ndugu wa tumbo moja ambao hawajasalimiana mwaka wa nne huu?

*Mapenzi yanayokufa kimya kimya*

Tukisikia mada ya mapenzi na huruma, akili inakimbilia kwa mke na mume. Ni sawa, na tumeshayazungumza hayo. Lakini huku mitaani kwetu, kuanzia Tandika, Mtoni na Mbagala mpaka Magomeni, Manzese na Tandale, kuna mapenzi mengine yanayokufa bila mtu kuyapigia kelele. Ni mapenzi ya kaka na dada waliolala mkeka mmoja, wakala sinia moja, wakafungishwa pamoja nusu siku wakiwa wadogo na kufichiana maji ya kunywa. Leo wakikutana kwenye msiba, mmoja anakaa upande wa turubai, mwingine anakwenda kukaa kwa jirani. Na mara nyingi kilichowafikisha hapo ni nyumba ya baba yao.

Tuchukue mfano. Si kisa cha familia fulani, ni mfano tu, lakini naamini wengi mtasema nyumba hii mnaijua.

Mzee amefariki. Ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Ameacha nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba sita, na mbele kuna fremu mbili za biashara. Mama amechukuliwa na binti yake, anaishi naye Chamazi. Nyumba yote imepangishwa, na kodi ikijumlishwa inafika shilingi 400,000 kwa mwezi. Baada ya arobaini kilikaa kikao, wote wakalia, wakasema kaka mkubwa ndiye baba yetu sasa, yeye ashike. Akapewa muhtasari wa kikao, akaenda Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Ufunguo ukawa mkononi mwake.

Mwaka wa kwanza alikuwa akigawa kidogo. Mwaka wa pili akasema bati limeoza, hela imekwenda kwenye matengenezo. Mwaka wa tatu dada akiuliza anaambiwa, "Wewe si umeolewa? Unataka nini tena huku?" Mdogo wake wa kiume akiuliza anaambiwa hana adabu. Mwaka wa nne group la familia kwenye simu limekufa. Mwaka wa tano wako mahakamani.

Na mahakama haiko mbali. Hapa hapa Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia masuala ya familia: mirathi, ndoa na talaka, matunzo ya watoto. Watu wanafika pale na mafaili kwapani, dada kwenye benchi hili, kaka kwenye benchi lile, na mama mtu mzima katikati hajui atazame wapi. Kituo kile ni msaada mkubwa kwa aliyedhulumiwa, na hatukilaumu. Ila tujiulize tumeanzia wapi mpaka tukafika pale.

*Hesabu ambayo haihitaji mjadala*

Wengi wanadhani mirathi ni jambo la kukaa na kuelewana kwa hisia. Allah ameshagawa mwenyewe, katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, na aya ya 176. Marehemu wetu huyu ana watoto, kwa hiyo mke wake anapata thumni, yaani moja ya nane. Inayobaki ni ya watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Watoto wa kiume wawili ni mafungu manne, wa kike watatu ni mafungu matatu, jumla saba. Kwa hiyo nyumba yote ni mafungu manane: mama moja, kila kaka mawili, kila dada moja.

Ilete kwenye kodi sasa. Shilingi 400,000 ukiigawa kwa nane ni 50,000. Mama 50,000. Kila kaka 100,000. Kila dada 50,000. Watoto wa darasa la tano wanaiweza hesabu hii.

Dada mmoja asiyepewa fungu lake kwa mwaka anadai 600,000. Kwa miaka mitano ni milioni 3. Kama kuna gharama za kweli, bati, choo, umeme, kodi ya jengo, ziandikwe na risiti zake, zitolewe kwanza kwenye jumla, ndipo kigawanywe kilichobaki. Hakuna anayemkatalia kaka gharama halali. Kinachokataliwa ni giza. Hata sheria ya nchi haikubali giza: msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Msimamizi ni mtumishi wa warithi. Jina lake kwenye karatasi ya mahakama halimfanyi kuwa mwenye nyumba.

Nasema haya kwa sababu kaka yetu huyu naye anafunga. Anaswali tarawehe zote, na huenda hata tende za msikitini alichangia yeye. Na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, aliwauliza Maswahaba wanamjua aliyefilisika ni nani. Wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaeleza kuwa aliyefilisika katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiama na swala, na saumu, na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia huyu, amekula mali ya huyu. Basi mema yake yatachukuliwa wapewe hao. Yakiisha kabla deni halijaisha, atabebeshwa madhambi yao, kisha atupwe motoni.

Kaka yangu, saumu yako ya leo, pamoja na kiu hii ya mchana wa Dar es Salaam, usiifunge kwa niaba ya dada yako. Ukiendelea kushika haki yake, ndiye atakayeichukua.

*Ramadhani ya Makka*

Masiku kama haya ya Ramadhani, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliingia Makka na jeshi la watu wapatao 10,000. Wanahistoria wengi wanaitaja tarehe 20. Mara nyingi tunaisimulia siku ile kama ushindi wa vita. Leo nataka tuitazame kama siku ya mtu aliyerudi kwa ndugu zake waliomfukuza.

Maana Makureshi walikuwa ndugu zake wa damu. Waliomtenga, waliomzushia, waliomtoa kwenye mji aliozaliwa, walikuwa watu wa ukoo wake. Na kulikuwa na jambo la nyumba pia. Bukhari amepokea kwamba Usama bin Zaid (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) atafikia wapi hapo Makka, naye akajibu kwa kuuliza kama Aqil amewabakishia nyumba yoyote. Aqil alikuwa mtoto wa Abu Talib, ami yake Mtume, yule aliyemlea. Aqil na nduguye Talib ndio waliomrithi Abu Talib. Ali na Jaafar hawakurithi kwa kuwa wao walikuwa wameshasilimu. Nyumba zikaishia mikononi mwa Aqil, zikauzwa.

Umeona? Mtume wa Allah, siku ya ushindi wake, ana jeshi zima nyuma yake, na hana nyumba ya kufikia katika mji wake, kwa sababu mtoto wa ami yake ameshazimaliza. Angesema neno moja tu, nani angekaa kwenye nyumba ile usiku huo? Hakumtoa mtu. Alisema, Allah akipenda, watafikia Khaif ya Bani Kinana, mahali ambapo Makureshi waliwahi kuapiana kumtenga yeye na ukoo wake. Na Aqil huyo huyo alisilimu, akabaki kuwa ndugu.

Kisha ukaja ufunguo. Ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha, wa ukoo wa Bani Abdi Dar. Mtume (s.a.w.) aliuchukua, akaingia ndani ya Kaaba, akatoka. Wasimulizi wa sira wanataja kuwa jamaa zake wa karibu, Bani Hashim, waliuomba heshima ile ije kwao. Ulikuwa wakati wake, mji wake, na ombi la watu wake. Akamwita Uthman bin Talha, akamrudishia ufunguo wake. Wafasiri wengi wanaitaja siku hiyo wanapoieleza aya ya 58 ya Suratun Nisaa, ile inayotuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe na tukihukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Na mpaka leo, baada ya miaka zaidi ya 1,400, ufunguo ule uko kwa watu wa ukoo ule.

Tujifunze hapo. Huruma yenye uzito ni ile anayoitoa mwenye nguvu. Mnyonge akisema "nimesamehe," pengine hana la kufanya. Lakini mwenye ufunguo akisema "njooni tugawane," hapo rehema imeonekana. Kwa hiyo ndani ya familia, tusimwanzie dada kwa mawaidha ya kusamehe. Tumwanzie aliyeshika ufunguo.

*Dai haki, usikate udugu*

Hapa ndipo tunapokosea wengi, hata sisi tunaosuluhisha. Dada akilalamika, wazee wanamwambia, "Mwanangu, yaache tu, huyo ni kaka yako, udugu ni bora kuliko mali." Maneno matamu, lakini yanamwacha dhalimu na mali, na aliyedhulumiwa anabaki na maneno. Huko si kuunga udugu. Ni kumfunga mdomo mnyonge kwa kamba ya udugu.

Dada yangu, haki yako ni fungu alilokupa Allah, hujaiomba kwa mtu. Kuidai si kukosa adabu wala si tamaa. Kaa na wazee, nenda kwa imamu, nenda kwa kadhi wa BAKWATA wa wilaya mkapigiwe hesabu, na ikishindikana, mahakama ipo na ni halali yako. Ukitaka kusamehe sehemu ya fungu lako kwa hiari yako, baada ya kulijua na kulishika, hiyo ni sadaka nzuri. Lakini isamehe wewe, usisamehewe na watu wengine kwa niaba yako.

Ila kuna mpaka. Kudai haki ni jambo moja na kukata udugu ni jambo lingine. Unaweza kuwa na kesi na kaka yako na bado ukampa salamu. Unaweza kumwambia "hesabu hii siikubali" na mtoto wake akilazwa Temeke hospitali ukaenda kumwona. Kesi ni ya nyumba. Mtoto mgonjwa hana nyumba. Shetani anataka uchanganye yote, ili ugomvi wa vyumba sita ule watoto, ule wajukuu, watoto wa ndugu wakutane chuo kikuu hawajuani.

Mtume (s.a.w.) ametueleza, katika Hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, kuwa si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuza uso na yule anageuza uso, na mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Angalia, hakusema mbora wao ni mwenye kesi nzuri. Kesi ina hakimu wake. Salamu ina thawabu zake.

Na amesema pia, katika Bukhari, kuwa mwenye kuunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema. Mwenye kuunga ni yule ambaye udugu wake ukikatwa, yeye anaunga. Mtu anayekuletea futari na wewe ukampelekea futari, hapo mmebadilishana sahani. Ni vizuri, lakini bado hujafika kwenye daraja tunalolizungumza.

*Hata Abubakar aliumia*

Mtu atasema, "Ustadhi, hujui alichonifanyia." Ni kweli, sijui. Lakini tumtazame Abubakar Siddiq (r.a.).

Alikuwa na jamaa yake, Mistah bin Uthatha, mtu masikini, miongoni mwa waliohama Makka na waliopigana Badri. Abubakar ndiye aliyekuwa akimtunza kwa mali yake. Ilipozushwa ile kashfa kubwa juu ya Bibi Aisha (r.a.), Mistah alikuwa mmoja wa walioieneza. Jipe nafasi ya Abubakar. Mtu unamlisha wewe, naye anasimama mitaani kumchafua binti yako, binti asiye na kosa.

Allah alipomtakasa Bibi Aisha kwa aya zinazosomwa mpaka Kiama, Abubakar aliapa hatampa Mistah kitu tena. Nani angemlaumu? Ikateremka aya ya 22 ya Suratun Nuur, kwamba wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa zao, na masikini, na waliohama katika njia ya Allah. Wasamehe na waachilie mbali. Je, wao hawapendi Allah awasamehe? Abubakar akasema anapenda Allah amsamehe, na akamrudishia Mistah matumizi yake.

Na Mistah hakuachiwa hivi hivi. Walioshiriki uzushi ule waliadhibiwa kwa mujibu wa sheria, na yeye ametajwa miongoni mwao. Haki ikapita njia yake na wema ukapita njia yake. Hiyo ndiyo maana ya maneno niliyosema hapo juu: haki haikumfuta ndugu, na undugu haukuifuta haki.

Huo ndio usiku tunaouendea. Tutasimama tutamwomba Allah msamaha mpaka machozi yatoke. Swali la aya lile lile linatungoja hapo kwenye mswala.

*Tufanye nini leo, kabla ya kumi halijakolea?*

Kwanza, wewe mwenye ufunguo. Usingoje Idi. Chukua daftari leo, andika kodi iliyoingia tangu marehemu afariki, andika matumizi yenye ushahidi, andika kilichobaki. Usiogope namba kuwa kubwa. Ikiwa huna cha kulipa kwa mara moja, sema hivyo mbele ya wenzako, mpangiane kidogo kidogo. Ndugu wengi wako tayari kungoja deni linalokubaliwa. Kisichovumilika ni deni linalokanwa. Na mama mpe fungu lake mkononi mwake, usimpe kama msaada. Ni lake.

Pili, wewe uliyenyimwa. Haki yako ishike, wala usilegee. Lakini leo tuma salamu. Usiandike waraka, na usianze na "pamoja na yote uliyonifanyia." Andika tu: "Assalaamu alaykum kaka. Ramadhani karim. Nakuombea kheri wewe na watoto." Basi. Asipojibu, malaika wameshaandika. Kama ndugu huyo ni mtu wa kupiga au ana hatari kwako, salamu ya mbali na dua vinatosha. Dini haikuamrishi ujipeleke kwenye madhara.

Tatu, sisi tulio pembeni: shemeji, mawifi, mashangazi, majirani. Moto mwingi wa familia hizi unachochewa na wapeleka maneno. "Unajua alisema nini juu yako?" Saumu ya mtu huyo nayo ina tundu. Ukilisikia neno baya kwa kaka, life hapo hapo masikioni mwako. Ukilisikia jema, lipeleke mbio. Na kwa wake na waume: usimpandishe mwenzako dhidi ya ndugu zake ili uonekane unampenda. Anayekupenda kweli atakukumbusha kwenu.

Nne, kwenye kugawana kwenyewe. Aya ya 8 ya Suratun Nisaa inatufundisha kuwa wakihudhuria ugawaji jamaa wasiorithi, na mayatima, na masikini, wapewe chochote na waambiwe maneno mazuri. Yupo mjukuu aliyefiwa na baba yake kabla ya babu, yupo shangazi mtu mzima, yupo binti wa kazi aliyemwogesha mzee miaka yake ya mwisho. Kwenye fungu hawamo. Kwenye rehema wamo. Wakumbukwe.

Tano, wazazi ambao bado tuko hai. Tusiwaachie watoto kitendawili. Aandike mtu mali zake na madeni yake, hati ziko wapi, nani anadaiwa, na awaambie watoto wangali wadogo kwamba mgawo ni wa Allah. Kuandaa amani ya watoto wako baada yako ni mapenzi pia, tena ya daraja la juu.

Na leo jioni, kama inawezekana, panga sahani moja ya futari iende mahali ambapo haijafika muda mrefu. Vipande viwili vya muhogo wa nazi, samaki kidogo, kalimati mbili tatu, mkabidhi mtoto apeleke. Mtoto akifika mlangoni aseme, "Shikamoo shangazi, mama amekuletea futari." Kuna milango ambayo mawakili hawajaweza kuifungua miaka mitano, na inafunguka kwa sahani iliyofunikwa kawa. Ikirudishwa, kula wewe na watoto wako, umeshaandikiwa. Sadaka kwa jamaa, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.), inahesabika mara mbili: ni sadaka, na ni kuunga udugu.

Nimalizie na ombi dogo. Ukimaliza kusoma tafakuri hii, usiitupie kwenye group la familia ili fulani "ajione." Hicho ni kijembe, na kijembe hakijawahi kumrudisha ndugu. Isome wewe kwanza, ijibu wewe kwanza. Ukitaka kumtumia mtu, mtangulizie salamu, kisha mpigie simu.

Ewe Mola wetu, umejiita Mwingi wa Rehema, na ukaufanya udugu wa damu kuwa tawi la rehema yako. Tuunganishe na tuliowakata. Uilainishe mioyo ya walioshika haki za wenzao, wazirudishe kabla hawajazirudisha kwa mema yao. Uwape subira na ushindi wa halali waliodhulumiwa, na usiwaachie mioyoni mwao chuki ya kuwala. Warehemu wazazi wetu waliotangulia, na usifanye walichotuachia kiwe sababu ya sisi kutengana. Tufikishe Lailatul Qadri hali hatuna kinyongo na Muislamu yeyote. Aamin, ya Rabbal aalamin.

Kesho, inshaallah, tutazungumzia itikafu ya mwenye majukumu ya kazi na watoto wadogo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.